Picha ni ya Nani?

Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na kila mpiga picha anajiona amepewa hati ya kumiliki sura za watu. Sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na desturi iliyozuka pamoja nazo: kumvizia mtu barabarani kwa sababu tu umbo lake, sauti yake au mavazi yake yamemtatiza mtazamaji, kisha kuisambaza sura yake mpaka imfikie mwenye nyumba wake, mwajiri wake na mama yake aliyeko kijijini. Wanaofanyiwa hivyo zaidi ni wale wanaoitwa transjenda, yaani watu ambao mkunga alipowapokea alisema ni mtoto wa kiume, nao wakakua wakijijua kuwa ni wanawake, au kinyume chake. Neno ni geni, lakini watu wenyewe si wageni. Mtaalamu Unni Wikan wa Norway aliandika habari za watu wa namna hiyo katika mji wa Sohar, Oman, mwaka 1977, na mimi katika umri wangu wote sijapata kuishi katika mji wa pwani ambao hawakuwamo.

Nasema haya nikiwa mtu aliyekula kwa kamera. Kwa miaka mingi nilikuwa mpiga picha wa mitaani Mombasa. Nilisimama Mapembeni, katika Barabara ya Moi; nilikuwa na kibanda karibu na feri ya Likoni, chenye pazia lililochorwa ndege na meli; na sikukuu za Idi na Krismasi nilihamia ufuoni Bamburi. Kazi ile ilikuwa na sheria ambazo hakuna aliyeziandika. Mteja alisimama mwenyewe mbele ya pazia. Alifuta jasho, akanyoosha kola, akachagua mkono uwe wapi, akauliza kama viatu vitaonekana. Alitoa kianzio, nami nikampa risiti, na baada ya siku mbili, filamu ikishaoshwa, alirudi kuchukua picha yake na kumaliza deni. Msomaji aliyezaliwa baadaye pengine hajui kwamba filamu moja ilikuwa na picha 36 tu, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Kumpiga picha mtu asiyetaka kulikuwa ni kutupa pesa baharini, kwani nani angeinunua? Sidai kwamba tulikuwa watakatifu. Nasema uhaba wa filamu ulitufunza adabu, na simu haikuirithi adabu ile.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwako mmoja aliyekuja Jumapili jioni, watu wa feri wakianza kupungua. Siku nyingine za wiki alikuwa utingo wa lori. Alikuja na mfuko wenye gauni na leso mbili, akabadili nguo nyuma ya pazia, akatoka akiwa mtu mwingine. Au, kama yeye mwenyewe angesema, akatoka akiwa yuleyule hasa. Alisimama wima kuliko wateja wangu wote. Siku ya kuchukua picha aliniambia, "Ami, nipe na negativu."

Nikamweleza kwamba negativu hubaki kwa mpiga picha, ndiyo desturi ya kazi.

"Basi niuzie."

Akalipa bei ya picha mbili nyingine, nami nikamkatia kipande chake cha filamu. Kila alipokuja ikawa ni hivyo: picha moja na negativu yake, vyote ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko. Wenzangu wa vibanda vya jirani walisema ni woga. Mimi niliona ni akili. Alijua kwamba aliye na negativu anaweza kuzalisha picha kesho na keshokutwa, na kumpa amtakaye. Bunge letu lilikuja kuliandika jambo hilo mwaka 2019, kwa lugha ngumu zaidi.

Watu wa pwani hujifanya hawalielewi, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Ni nani Mombasa au Lamu asiyejua habari ya picha za harusi? Wanawake wakikutana peke yao, mabuibui yamevuliwa, wamejipamba na kucheza, mlangoni husimama mtu wa kukusanya simu. Na kabla ya simu, mkanda wa video ya harusi ulipotoroka ukaonekana kwa watu wasiohusika, ukoo mzima uliinamisha uso. Sijasikia hata mmoja akisema, "Lakini wanawake mia mbili walikwisha kumwona, kuna siri gani tena?" Sote tulielewa kwamba kuonwa na mia mbili uliowaalika si sawa na kuonwa na mmoja usiyemjua. Jambo hilo tunaliita stara, na tunajisifu kwalo mbele ya wageni. Sasa nauliza: je, stara ni ya mabinti wa nyumba kubwa tu? Yule aliyesimama kituoni akingoja matatu aende kazini, aliyevaa vazi lililo heshima kwake, yeye hana stara ya kuvunjwa?

Nitajibiwa kwamba anayoyafanya yule ni dhambi. Simwombi mtu abadili itikadi yake kwa sababu ya makala hii. Lakini katika Sura ya Hujurat, Kurani hiyohiyo inakataza watu kudharauliana, kuitana kwa majina mabaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Yote matano hutendwa kwa wakati mmoja na mtu anayempiga jirani yake picha kwa siri, akaandika chini yake, "Huyu ni mwanamume au mwanamke?" Na kwa kuwa nimeyataja maandishi ya chini ya picha, niseme na hili. Kiswahili hakina "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike. Ukisema "amepanda basi", "amekaa", "anamngoja mwenzake", lugha yetu haikuulizi jinsia ya mtu. Mzungumzaji wa Kiingereza au Kiarabu hujikuta amelazimika kuchagua. Sisi hatulazimishwi na lolote. Kwa hiyo anayetaka kumtukana mtu huyu kwa Kiswahili hana budi kwenda mbali kuleta maneno ya kutukania. Amekusudia. Hata neno shoga, ambalo mama zetu waliitana kwa mapenzi wakisukana nywele barazani, ilibidi kwanza litolewe utamu wake ndipo lirushiwe watu kama jiwe.

Kama yuko anayedhani ninalikuza jambo dogo, na aikumbuke Kampala. Tarehe 2 Oktoba 2010 gazeti dogo la huko lililojiita Rolling Stone, lisilo na uhusiano wowote na lile la Marekani, lilichapa picha, majina na mahali wanapoishi watu liliodai kuwa ni mashoga, likaahidi kufikisha 100, na katika ukurasa wa mbele likaweka mwito wa kuwanyonga. Watatu walikwenda mahakamani: David Kato, Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Julian Onziema, ambaye ni mwanamume transjenda. Jaji wa Mahakama Kuu ya Uganda alisema wazi kwamba hoja mbele yake haikuwa ushoga. Hoja ilikuwa iwapo kuwachapa watu hivyo kumevunja haki yao ya utu na ya faragha ya nafsi zao na nyumba zao. Akaona imevunjwa. Alilizuia gazeti lisiendelee, akaamuru kila mmoja alipwe shilingi 1,500,000 za Uganda. Uamuzi huo ulitolewa mwishoni mwa Desemba 2010. Tarehe 26 Januari 2011 David Kato aliuawa nyumbani kwake, wilaya ya Mukono. Mtu mmoja alifungwa miaka 30 kwa mauaji hayo, na polisi walisema hayakuhusiana na gazeti. Marafiki zake hawakukubali. Mimi sina la kuwaamulia. Ninalojua ni kwamba kati ya Oktoba na Januari alitembea katika nchi ambayo sura yake ilikuwa imechapwa karibu na neno "wanyongwe", na kwamba hakuna hukumu ya mahakama inayoweza kulirudisha gazeti lililokwisha kuuzwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Februari 2014, siku moja tu baada ya Rais Museveni kutia sahihi sheria dhidi ya ushoga, gazeti jingine la Uganda, Red Pepper, lilitoa orodha yake ya watu 200. Somo la mahakamani halikuwa limefika hata upande wa pili wa mji.

Hao ni maadui, na adui si vigumu kumtambua. Kuna kundi la pili, ambalo linanisumbua zaidi kwa sababu linakuja na tabasamu. Hawa husema: tatizo la watu hawa ni kwamba hawaonekani, basi tuwapige picha, tuwatundike kwenye kuta, waonekane, na dunia itawazoea. Mtu wa namna hii hufika Mombasa Jumatatu, hutafutiwa "watu" na kijana wa hoteli, huwapiga picha usiku kucha chini ya taa za barabarani, na Alhamisi yuko uwanja wa ndege wa Moi. Picha zake, sikatai, hupendeza. Hutundikwa Ulaya, watu hushika glasi za mvinyo, mtu husema neno kuhusu ujasiri. Aliyepigwa picha amebaki Kisauni katika chumba cha kupanga, hana nakala, hajui sura yake imefika wapi, na hana namba ya simu ya kumpigia aliyeichukua. Picha ikirudi kwa njia ya mtandao mpaka kwenye simu ya mwenye nyumba, yule mwenye tabasamu hayupo kumsaidia kutafuta chumba kingine.

Kuonekana si sawa na kuonyeshwa. Ninayeonekana nimetoka mwenyewe, nimechagua saa na nguo na barabara, na nikitaka nitarudi ndani. Ninayeonyeshwa nimetolewa. Mbuzi huonyeshwa mnadani. Mtuhumiwa huonyeshwa waandishi wa habari kabla ya kufikishwa mbele ya hakimu. Anayechukua sura ya transjenda bila ya ruhusa yake na kuipeleka maonyeshoni hana tofauti na wale wahariri wa Kampala, ila amechagua maneno mazuri zaidi ya kuweka chini ya picha.

Nani basi amefanya vizuri? Mfano ninaoupenda uko Afrika ya Kusini. Zanele Muholi alizaliwa mwaka 1972 Umlazi, nje ya Durban, na tangu 2006 amekuwa akiwapiga picha wanawake weusi wanaopenda wanawake na watu transjenda, kazi aliyoiita Faces and Phases. Wanaosimama mbele ya kamera yake anawaita washiriki. Picha hizi ni za rangi nyeusi na nyeupe, mtu anaitazama lenzi moja kwa moja, na chini yake huandikwa jina lake, mahali na mwaka. Wengine hupigwa tena baada ya miaka, ndiyo maana ya hizo "phases", kwani mtu hubadilika na mpiga picha hakukimbia. Picha zikitundikwa ukutani kwa safu, huachwa nafasi tupu, kwa ajili ya waliokwisha kutoweka na wale ambao hawajapigwa bado. Mtu wa kwanza katika kazi hiyo alikuwa mshairi Busi Sigasa, naye alifariki mwaka uliofuata, 2007. Mwaka 2014 Muholi alianza mfululizo mwingine, Brave Beauties, wa wanawake transjenda na wengine wasiojifunga katika jinsia moja, na baadhi yao aliwapiga picha mchana peupe katika ufuo wa Durban, mchanga ambao enzi za ubaguzi uligawanywa kwa rangi za ngozi. Nikiziangalia picha zile kwa jicho la mtu wa kazi, naona kitu nilichokizoea ufuoni Bamburi: mtu amejipanga mwenyewe. Ameuchagua mkono uwe wapi.

Wala Afrika ya Kusini si peponi. Katiba yake ya 1996 inakataza kumbagua mtu kwa misingi ya jinsia na mwelekeo wa kimapenzi, na tangu 2003 iko sheria ya kumwezesha mtu kubadili jinsia iliyoandikwa katika daftari la serikali. Pamoja na hayo, mwaka 2009 waziri wa sanaa aliondoka kwa hasira katika maonyesho ya Johannesburg yaliyokuwa na picha za Muholi, na Aprili 2012 wezi waliingia nyumbani kwake Cape Town wakaondoka na diski zaidi ya 20 zenye kazi ya miaka. Hata hazina iliyotunzwa kwa mapenzi huibwa. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka mteja wangu na bahasha yake.

Mtu atasema Muholi aliweza kwa kuwa ni mwenzao. Basi tumtazame mgeni. Christer Strömholm alikuwa Mswidi. Alifika Paris mwaka 1959 akapanga chumba katika mtaa wa Place Blanche, palepale walipoishi wanawake transjenda waliokuwa wakifanya kazi usiku katika mitaa na vilabu vya huko, wakiweka akiba ya kwenda Casablanca kwa upasuaji, huku polisi wakiwakamata mara kwa mara. Aliishi nao, akala nao, akawapiga picha kwa mwanga wa taa za barabarani bila ya flashi. Kazi hiyo iliendelea mpaka 1968. Kitabu chake alikitoa mwaka 1983. Hesabu mwenyewe, msomaji: tangu afike mpaka kitabu kitoke ni miaka 24. Bwana wetu wa Jumatatu mpaka Alhamisi hawezi kusema kwamba ugeni wake ndio uliomharakisha.

Kuhusu sheria sitakaa sana, kwa sababu sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake. Si maneno matupu: Septemba 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ya ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziruhusu. Mlevi wa kilabu ana haki, mtoto wa shule ana haki. Inasikitisha kwamba yule wa kituo cha matatu huogopa kwenda kushtaki, maana lazima aseme jina lake, na jina la kitambulisho chake ndilo linalomchongea. Hilo nalo lina historia yake. Audrey Mbugua alibaki na cheti cha shule chenye jina la mwanamume, na mwajiri akikitazama kisha akimtazama yeye, kazi iliyeyuka. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani libadili jina katika cheti na kuondoa alama ya jinsia. Alijitokeza hadharani kwa jina lake na uso wake, kwa hiari yake, kwa shabaha aliyoijua. Huko ndiko kuonekana.

Wako pia wanaoniunga mkono kwa sababu mbaya. Wakinisikia nalaani picha za wizi hushangilia: "Naam, wasipigwe picha kabisa, wakae majumbani." La hasha! Mteja wangu hakulipa ili asiwe na picha. Alilipa ili awe nayo. Kila mmoja wetu ana picha moja ambayo akiiona husema, huyu ndiye mimi. Wengine huitundika sebuleni, wengine huiweka chini ya godoro. Mtu ambaye kila picha aliyo nayo, kuanzia ya paspoti mpaka ya darasani, inamwonyesha asivyo, amenyimwa kitu ambacho maskini wa feri aliweza kukinunua kwa pesa za chakula cha mchana. Na barabara ni yake kama ilivyo yangu. Anakwenda sokoni Kongowea kununua nyanya, anabanwa kwenye feri kama sisi sote, anapita Mapembeni kwenye jua la saa saba. Anayemtaka asionekane huko aseme ni barabara gani amemjengea.

Vijana wa kamera hunijia wakitaka ushauri, na wengine, nashukuru, wana moyo mzuri. Ninawaambia waanze kwa salamu, tena mchana, kabla kamera haijatoka mkobani. Picha ya kwanza inayochapwa iwe ya mwenye sura. Akisema "futa", ifutwe mbele ya macho yake, hata kama ndiyo picha bora ya maisha yako. Akikubali itundikwe Nairobi hajakubali itundikwe Berlin, mwulize tena. Na ukihama, mwachie namba ya simu inayopokelewa. Mwaka jana mmoja wao alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga lenzi yake, akasema, "Lakini mzee, nikifuata hayo yote sitapata picha nyingi."

Nikamwambia hesabu yake ni sahihi.